Usirudi Tena Kwenye Soko Lile

Mtaa wa Chanji,
Sumbawanga.
18 Septemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Isdori,

Pokea salamu zangu za upendo huko Liberia uliko, wewe na wenzako wote wa kikosi. Sauti imekurudia? Ile homa uliyoniandikia mwezi wa tano imekwisha kabisa, au inakuja na kuondoka? Unakula? Unapata usingizi? Nijibu moja moja, usiniandikie tu "mimi mzima" kama ulivyozoea.

Huku chakula kipo. Mahindi yameingia ghalani, na ulezi ndege hawakuushambulia sana mwaka huu. Baridi imeanza kulegea, ingawa upepo wa asubuhi bado unakata masikio. Hakuna mgonjwa nyumbani. Hata hivyo siwezi kukuandikia kwamba hatujambo, nitakuwa nakudanganya. Tunaogopa, Isdori. Tangu mwezi wa nane tunaogopa, na leo nimetoka misa nikaketi moja kwa moja nikueleze yote, kwa sababu kwenye simu hukusikia hata robo yake.

Nianzie kwenye barua yako uliyompa Gaudensi, mwenzako wa kikosi, alipokuja likizo. Tuliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ulieleza kwamba pale kantini ya kambini kila kitu kinauzwa kwa dola, sabuni, sukari, samaki wa kopo, na kwamba wenzako wengi posho yao yote inaishia pale. Wewe ukagundua soko la wenyeji ng'ambo ya daraja. Mchele, mafuta ya mawese, samaki wa kukaushwa, hata sabuni, vyote kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Ukasema kila Jumamosi unavua sare, unavaa shati la kawaida, unachukua mfuko, unakwenda.

Ulimtaja na yule muuza mchele, Mama Korto, anayekuita mwanawe kwa Kiingereza chao cha kumeza maneno, anayekufundisha bei halali ili wengine wasikupunje. Na ukasema unanunua kwa ule ujanja niliokufundisha mimi kwenye mitumba yangu, wa kutokitazama kitu unachokitaka bali kile kilicho pembeni yake. Nililisoma hilo kwa sauti pale sokoni kwetu na akina mama wakacheka sana. Niliona fahari. Nikasema, huyu ndiye mdogo wangu, hata vitani anajua kununua.

Akiba yako tuliifanyia kama ulivyoagiza. Unakumbuka zamani mtu alitafuta kibali cha bati miezi sita na mwisho akaambiwa yamekwisha? Siku hizi maduka yamejaa, ni fedha yako tu. Tulinunua mabati ya kuezeka nyumba kubwa, ikawa bado kununua ya jiko tu. Mama hakutaka yakae stoo. Tuliyapanga chumbani kwake ukutani, na usiku upepo ukiingia yakilia, anasema, "Isdori anapiga hodi."

Sasa sikiliza yaliyotupata.

Ilikuwa Jumatatu mchana, nipo mezani kwangu nauza masweta. Pembeni yangu anakaa Romani, yule fundi redio mwenye kigugumizi, naye siku zote huwasha redio moja kati ya zile anazotengeneza. Taarifa ya habari ikaja. Wakataja Liberia, wakataja na mji wenu, kwa jina, wazi kabisa. Wakasema makombora yameangukia soko siku ya Jumamosi, watu wengi wamekufa, na kati yao wamo askari wa kulinda amani waliokuwa wamekwenda kununua mahitaji yao.

Mteja alikuwa ameshika mkono mmoja wa sweta na mimi nimeshika mwingine. Aliniuliza bei mara mbili. Nilimwachia akaondoka nalo, sijui hata kama alilipa. Wengine waliosikia redio ile walisikia Liberia tu. Mimi nilisikia Jumamosi, nikasikia soko.

Nilifunga mzigo, nikapanga njiani nisimwambie Mama mpaka nipate uhakika. Kumbe habari ilikuwa imenitangulia. Nilimkuta Baba Mdogo Baltazari ameketi kwenye kigoda, kofia iko magotini. Mama anachambua maharage. Hakuinua macho. Akaniuliza, "Jumamosi ndiyo siku yake ya soko, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akaendelea kuchambua. Anatoa mawe, anatoa na maharage mazuri, anatupa vyote pamoja.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya mshauri wa mgambo, ndiyo ya jeshi iliyo karibu. Nilitegemea kufukuzwa, au angalau kusimamishwa dirishani. Badala yake yule ofisa aliinuka, akanivutia kiti, akamtuma mtu chai. Isdori, ile chai iliniogopesha kuliko redio. Tangu lini ofisi ya serikali imempa muuza mitumba chai? Alisema majina hayajafika, kwamba Dar es Salaam nao wanasubiri, kwamba likija neno lolote atatuma mtu nyumbani. Nilipofika mlangoni akasema, "Mjiandae, dada." Sikuthubutu kumwuliza tujiandae kwa lipi.

Watu walianza kuja. Mwanzo jirani mmoja mmoja, wanaamkia, wanakaa kidogo, wanaondoka. Halafu wakaja akina mama wa jumuiya ya kanisani kwa pamoja, na unga, na mizigo ya kuni kichwani. Wewe unajua kuni nyingi namna ile huletwa nyumbani kwa mtu kwa sababu gani. Wakazibwaga uani.

Mama akatoka. Aliwatazama wote, akauliza, "Nani amekufa hapa?"

Wakatazama kuni zao.

"Nimeuliza. Nani amekufa katika nyumba hii?"

Baba Mdogo akasema, "Shemeji, watu wamekuja kutushika mkono tu." Hapo ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa amekwisha kutuma ujumbe kijijini Kate, ndugu waanze safari. Mama alimgeukia, na maneno aliyomwambia siwezi kuyaandika siku ya Jumapili. Akaagiza kila mtu abebe kuni zake arudi nazo. Walibeba, Isdori. Wanawake wazima, wanaondoka wameinamisha vichwa na kuni walizotoka nazo mbali. Alibaki Dominika peke yake, mwenyekiti wa jumuiya. Alikaa chini, akavuta ungo wa maharage, akachambua pamoja na Mama mpaka jioni.

Sayi, rafiki yako wa machungani, naye alikuja. Nilisahau kabisa kwamba hata kule bondeni Muze watu wana redio. Alipanda mlima kwa miguu, amefika miguu imejaa vumbi jeupe mpaka magotini. Unajua alivyo, hajui kukaa ndani. Alichuchumaa ukutani nje, akaniita pembeni. "Dada Redempta, nimemtenga dume mmoja. Sema tu nimpeleke mnadani, mmoja wenu aende Dar es Salaam akaulize kwa macho yake." Nikamwambia hatuwezi kumlipa. Akakasirika. Akasema Isdori alichunga ng'ombe na yeye tangu familia yao ilipohamia huku kutoka Usukumani, watoto wengine wakimcheka kwa Kiswahili chake, kwa hiyo nisimtajie kulipa.

Basi nikafunga nguo zangu kwenye begi. Nilikuwa niondoke na basi la Mbeya alfajiri.

Mchana ule kabla ya kuondoka, Landrova ya jeshi ikaingia mtaani kwetu.

Niliiona tangu kule kona. Inakuja polepole, dereva anatoa kichwa anaulizia, watoto wanakimbia mbele wanamwonyesha. Wananyoosha vidole kwetu. Jirani yetu mmoja alipoona inasimama hapo kwetu alianza kulia kwa sauti, na mwingine akapokea. Nilishika mlango. Nilikuwa nasema moyoni, wasishuke, wapotee njia, wawe wanatafuta nyumba nyingine. Ndivyo nilivyoomba, Mungu anisamehe, nilimwombea msiba mama wa mtu mwingine.

Akashuka askari kijana, mdogo kuliko wewe, akavua kofia. Mama alimzuia kwa mkono kabla hajafika. "Simama hapo hapo. Sema ukiwa hapo."

Yule kijana akasimama wima. "Shikamoo, Mama."

"Sema."

"Mnaitwa kwenye simu, Mama. Ofisini. Yupo mtu wa kuongea nanyi."

Hakusema ni wewe. Labda hakujua. Njia nzima ndani ya gari ile nilikuwa na hakika kwamba kuna mkubwa wa Dar es Salaam atatuambia kwa sauti ya upole, na nikawa najiuliza nitamshika Mama vipi akianguka, nimshike kwapani au kiunoni.

Nilipopewa simu nilisikia mvumo kama wa mashine ya kusaga. Halafu sauti ya mzee, imekauka, inasema, "Dada? Dada, ni mimi." Nikaita jina lako, nikalia, nikampa Mama. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni haya.

Mama alisikiliza. Akafunika simu kwa kiganja, akanitazama. Akasema, "Huyu siye."

Nikamwambia, "Mama, ndiye."

"Siye. Mwanangu hana sauti hii. Wametafuta mtu wa kunituliza."

Isdori, nilianza kumwamini. Kwa sababu hata mimi sikuijua ile sauti. Nilikuwa nimeipokea kwa kuwa niliitaka. Ofisa anasema, Mama ongea, laini itakatika, wewe huko unaita halo, halo, tunakusikia mpaka kwenye kiganja cha Mama, na hakuna anayekujibu. Ulidhani simu ni mbovu. Simu haikuwa mbovu. Mama yako alikuwa ameketi na maiti yako moyoni na anakataa kudanganywa.

Ndipo akakuuliza kwa Kifipa lile swali, nani alikuunguza mguu. Nami nikaingiwa na hofu mpya, maana jibu la swali hilo kila mtu kwetu analijua. Paka alipindua sufuria ya uji. Baba, Mungu amrehemu, alimfukuza yule paka kwa gongo mpaka akahamia misheni. Nikasema moyoni, hata mtu wa kutumwa anaweza kuwa ameambiwa habari za paka.

Wewe ukajibu kwa Kifipa, ukicheka na kukohoa, "Ni wewe, Mama. Ukaniambia niseme ni paka."

Mama aliketi sakafuni na simu mkononi. Ile kelele uliyoisikia ni kiti kilichoanguka. Na hivyo ndivyo nilivyopata kujua, mtu mzima na watoto wangu, kwamba paka wa watu alionewa.

Kisha Mama akanirudishia simu, ukanieleza. Kwamba sauti ilikauka kwa moshi na kupiga kelele ukitafuta wenzako. Kwamba kombora la kwanza lilipolia, Mama Korto alikushika shati akakuvuta chini ya meza yake, na magunia ya mchele ndiyo yaliyopokea vyuma. Kwamba yeye ameumia bega lakini anaishi. Kwamba wenzako wawili uliokuwa nao hawakutoka. Niliyasikia hayo yote nikiwa nimesimama, nikajikaza.

Lakini uliendelea. Ukasema, na sauti yako ikachangamka kabisa, kwamba Jumamosi iliyofuata umerudi pale pale. "Bei imeshuka, dada! Watu wanaogopa kuja, mchele wanautoa karibu na bure. Mabati ya jiko nayamaliza mwezi huu." Hapo laini ikakatika. Bila shaka ulidhani umetuacha na furaha.

Nyumbani walipiga vigelegele. Baba Mdogo alicheza mpaka kofia ikaanguka, na wale ndugu wa Kate waliofika kwa msiba wakala kuku wa shukrani. Sayi aliimba nyimbo zao za Kisukuma peke yake uani, na hakuna aliyemcheka. Mama alikaa katikati ya watu, anaitikia pongezi, macho yako mbali. Nilidhani ni uchovu.

Asubuhi yake alimwita Sayi akamwambia, "Chukua haya mabati."

Sayi alidhani anatumwa kuyahamishia mahali. Mama akamfafanulia ayachukue yawe yake, ampe chochote. Niliingilia kati, nikasema kwa hasira, "Mama, hilo ni jasho la Isdori."

Akanijibu, "Jasho lake ndilo linalompeleka kule. Umemsikia mwenyewe. Mtoto ametoka chini ya meza amerudi kununua, kwa ajili ya nyumba yangu. Sasa nyumba haina haja na bati. Atanunua nini tena?"

Sayi alikataa, akaja kukataa tena na mkewe. Mama akamwambia asipoyachukua ataita watu wa barabarani wayabebe bure. Mwishowe aliyachukua kwa mkokoteni wa ng'ombe, uso umemwanguka, akaleta mtamba mweusi mwenye baka jeupe begani. Yupo hapa uani anakula mabua. Halafu Mama na Dominika wakaenda bondeni kukata nyasi, na wale akina mama aliowarudisha na kuni zao walikuja wote kusaidia. Nyumba imeezekwa upya, Isdori. Nyasi nene, zimenyooshwa vizuri. Hata mvua ya mwezi wa tatu haitapenya.

Najua utakasirika. Hata mimi nilinuna siku kadhaa. Lakini nimemwona Mama usiku wa kwanza chini ya zile nyasi, amelala kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu. Kwa hiyo nakuomba usimwandikie maneno makali, na usianze kukusanya upya kwa siri.

Mimi ni mtu wa soko, nakuambia kama mtu wa soko. Bei inaposhuka kwa sababu mavuno ni mengi, nunua. Bei inaposhuka kwa sababu wenye mali wanatazama njia ya kukimbilia, weka mfuko wako begani uondoke. Nunua sabuni ya dola hapo kambini. Ikikushinda, oga maji matupu. Tutakupokea unanuka.

Mama alikuwa ameandaa kitenge kipya ampe Gaudensi, akupe wewe, umpelekee Mama Korto kwa kukuokoa. Alikikunja vizuri, akakitia na ulezi kidogo kwenye kifuko. Gaudensi alipokuja kuaga, Mama alikishika mkononi, kisha akakirudisha sandukuni. Akasema, "Atakipeleka wapi, kama si sokoni?" Basi kitenge kipo. Kama mama yule hupita karibu na lango la kambi, tuandikie, tutakituma. Kila Jumapili tunamwombea bega lake kwa jina, na padre sasa anauliza Korto ni mtakatifu wa wapi.

Gaudensi anaondoka kesho kutwa na basi la Mbeya, kisha Dar es Salaam, ndiye atakayekufikishia barua hii. Mhoji, ameahidi mbele ya Mama kwamba hatakuficha kitu.

Baba Mdogo Baltazari anakusalimu, anasema usimwone vibaya kwa ule ujumbe wa Kate. Sayi anakusalimu sana, anasema mabati hajayapiga hata msumari mmoja. Dominika na jumuiya nzima wanakusalimu. Romani anakusalimu pia. Wanangu wanakuamkia shikamoo mjomba.

Nimalize kwa jambo moja ambalo Mama hataki nikuandikie. Kila Jumamosi sasa anakuja sokoni kwangu. Hanunui kitu. Anaketi kwenye ndoo niliyoigeuza, karibu na meza ya Romani. Jioni wenzangu wanafunga mizigo, namwambia, Mama twende, soko limefungwa. Ananiuliza huko kwenu sasa ni saa ngapi. Romani alimwambia mko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo anasema, "La Isdori bado liko wazi," na hainuki. Jana tulikaa wawili kwenye meza tupu, upepo unapeperusha makaratasi, mpaka alipohesabu kwamba na lenu limefungwa. Ndipo akasimama, akajipangusa, tukarudi nyumbani.

Mungu akuzungushie mkono wake, akurudishe kwetu na miguu yako miwili, pamoja na ule ulioungua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuhofia kila siku,

Redempta